Gitaa Jekundu na Redio ya Baba

Kabla ya matangazo ya vifo, redio ilipiga kinanda. Ulikuwa muziki wa polepole na mzito, na uliposikika katika chumba chetu huko Mowlem, Nairobi, hata mtoto mchanga alibembelezwa anyamaze. Saa hiyo baba alikuwa ametoka kazini, katika kiwanda cha sabuni kule Industrial Area, na nguo zake zilinukia sabuni ya mche na jasho. Alikaa kwenye stuli yake, akaivuta redio hadi karibu na sikio, naye mama akapunguza moto wa stovu isivume sana. Msomaji alitaja jina la marehemu, kisha watoto wake, kisha ndugu na mahali wanakofanya kazi: fulani wa Mombasa, fulani wa mashamba ya chai Kericho, fulani wa Nairobi. Sisi hatukuwa na simu, na nyumbani kwetu Bungoma hawakuwa nayo pia. Barua ilichukua wiki nzima, wakati mwingine mbili. Mtu wa kwetu akifa, ni redio iliyotuita. Matangazo yalipoisha bila jina letu kusomwa, baba alisema, "Leo hakuna mtu wetu," akaisogeza redio mahali pake, nasi tukaanza tena kuongea.

Mwaka ninaoukumbuka ni katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane na sikuendelea na shule. Sikuwa mtu wa maneno. Nikitumwa dukani, nilisubiri wateja wote waondoke ndipo niombe kiberiti, na mwenye duka aliponiambia niseme kwa nguvu, nilionyesha kwa kidole. Lakini kanisani kulikuwa na gitaa moja la zamani, la mbao, ambalo nyuzi zake mbili zilikuwa zimekatika, na nilijifunza kwa zile nne zilizobaki mpaka vidole vikawa na sugu. Nilipocheza, watu walinitazama mikono, hawakunitazama uso, na hilo lilinifaa. Mpiga gitaa wa kwaya alipohamia Nakuru, mwalimu wa kwaya aliniambia kwamba nafasi ni yangu iwapo nitapata gitaa la umeme pamoja na spika yake. Nilimwambia mama. Mama akamwambia baba. Mambo yangu yote yalipitia njia hiyo.

Baba alilifikiria siku mbili. Desemba ilikuwa imekaribia, na kiwandani walikuwa wamelipwa pesa za likizo, zile ambazo kila mwaka zilimpeleka Bungoma kumwona mama yake. Huyo ndiye tuliyemwita kukhu, ndivyo kwetu tunavyomwita nyanya. Siku ya tatu baba aliniita nje, penye kamba za nguo. "Kukhu wenu nitamwona Pasaka," alisema. "Wewe huna shule. Angalau uwe na kitu mkononi." Nilitaka kumshukuru, nikaangalia chini, naye akaelewa kwamba hiyo ndiyo shukrani.

Tulikwenda kwa Mzee Saidi, fundi wa redio aliyekuwa na duka dogo Eastleigh. Humo ndani kulinukia risasi ya kuchomelea na ubani ambao mkewe aliufukiza asubuhi. Kanda za redio, spika zisizo na masanduku na feni zilizokatika mapanga zilijaa hadi juu, na magitaa ya mitumba yalining'inia nyuma yake. Alituamkia, akauliza tuna kiasi gani, na baba akamwambia ukweli bila kupunguza hata shilingi, kwa sababu baba hakujua kununua kwa namna nyingine. Mzee Saidi akashusha gitaa jeusi lililokwaruzwa mgongoni, akaweka chini yake amplifaya ndogo ya rangi ya kijivu, ukubwa wa debe la mafuta ya kupikia. Akasema pesa yetu inatosha vyote viwili. Alipiga nyuzi mara moja, na sauti ikatoka safi, ya kawaida tu, kama ya mtu anayeongea na jirani yake.

Lakini mimi nilikuwa nimeshaona gitaa jekundu. Lilikuwa jekundu kama nyanya iliyoiva, likiwa na bamba jeupe mbele, na mwanga wa mlangoni ulilala juu yake wote. Mzee Saidi aliona macho yangu. "Hilo peke yake litakula pesa yote," alisema. "Na gitaa la umeme bila amplifaya ni nusu ya kitu, mwanangu." Baba alinigeukia. "Wewe ndiye utakayelicheza. Chagua." Sijui watu wengine hupata wapi nguvu ya kuchagua kitu kibaya kwa sura. Mimi sikuipata. Nilinyoosha kidole.

"Na sauti itatoka wapi?" baba akauliza.

"Kwa redio, Baba. Ina tundu la maikrofoni."

Ilikuwa sentensi ndefu kwangu, na nadhani urefu wake ndio uliomshawishi. Mzee Saidi alikuna ndevu zake. "Itasikika," alisema, "lakini cheza polepole. Spika ya redio ni ya maneno ya watu. Ukiifungulia sauti yote kwa gitaa, utaichoma." Baba akasema sawa, mchana nitaitumia, lakini jioni redio ni yake. Tulirudi kwa miguu. Yeye ndiye aliyelibeba lile gitaa, amelifunga ndani ya shuka, na kila aliyemuuliza njiani alimjibu kwamba ni la mwanawe.

Kwa wiki kadhaa nilikuwa na furaha ambayo sikumwambia mtu. Mchana, baba akiwa kazini na mama sokoni, niliunganisha waya, nikafungulia sauti kidogo sana, nikacheza nimeegemeza sikio kwenye redio kama baba alivyofanya jioni. Januari mwalimu wa kwaya akaniita mazoezini. Nilikwenda na gitaa peke yake, nikitumaini kwamba kanisani hapatakosa kitu cha kuliunganisha. Hapakuwa na kitu, vyombo vya sauti walikodi siku za harusi tu. Ochi, kijana wa besi aliyekuwa na spika yake kubwa, alilizunguka gitaa langu akiwa ameweka mikono nyuma kama daktari. "Niaje, Wafula. Hii ni gitaa ama ni picha ya gitaa?" Kwaya nzima ilicheka, hata wamama wa sauti ya kwanza. Nilimnong'oneza mwalimu kwamba nina redio. Ochi akasikia. "Leta basi hiyo redio," alisema, "tukimaliza kuimba tusikize na habari." Mwalimu alimnyamazisha, kisha akaniambia, kwa upole, kwamba Jumapili ijayo nije na sauti au nafasi ampe mwingine.

Kesho yake, Jumatatu, nilifunga mlango wa chumba chetu. Nilitaka kujua kama redio ya baba ingeweza kufika mpaka viti vya nyuma vya kanisa. Nilizungusha kitufe hadi mwisho, nikapiga nyuzi zote sita kwa mara moja. Sauti ilitoka, kubwa na yenye mikwaruzo, ukuta ukatetemeka, na kwa muda kama wa kupumua mara tatu nilikuwa mtu anayesikika. Nikapiga tena. Ndipo spika ikatoa mlio kama karatasi inayochanwa, ikanyamaza, na kwenye wavu wake pakatoka harufu ambayo hata sasa nikiinusa popote mwili hunisisimka, harufu ya nywele zilizoungua. Niliondoa waya. Nikageuza stesheni zote. Taa nyekundu ndogo iliwaka vizuri, lakini redio haikusema kitu.

Jioni baba aliiwasha, akaipigapiga ubavuni, akaitazama ile taa. "Hukuifungulia sauti yote?" aliniuliza. Hakuwa na hasira. Kama angekuwa na hasira, pengine ningesema kweli. "Hapana, Baba," nikamwambia. "Labda ni betri. Zinaweza kuwasha taa lakini sauti zikashindwa." Akakubali. Mimi ndiye niliyekuwa nikicheza na nyaya, yeye alijua sabuni.

Asubuhi ya Jumanne alizitoa zile betri, akazipanga juu ya bati la jirani zipigwe na jua, kama tulivyofanya sote tulipotaka kuzipa siku chache zaidi. Jioni alizirudisha zikiwa bado na joto. Kimya. Jumatano akazianika tena. Nilikuwa nikikaa mlangoni nikiziangalia zimelala pale juu, nane, zimepangwa vizuri kwa mkono wake, na nilijua kwamba hakuna jua la kutosha kwa jambo hilo. Mara nyingi nilifungua mdomo. Mama aliniuliza kama ninaumwa jino. Alhamisi baba alinunua betri mpya kwa mkopo dukani, akazitia, na redio iliponyamaza vilevile alikaa kwenye stuli yake ile saa ya matangazo, mikono juu ya magoti, kana kwamba bado anasikiliza.

Jumamosi mchana tuliipeleka kwa Mzee Saidi, mimi nikiwa nimeibeba. Aliifungua kwa bisibisi, akaivuta spika, akaisogeza karibu na pua. Kisha akaigeuza tuone: koili ilikuwa nyeusi na karatasi yake ilikuwa imepasuka.

"Hii imeungua," alisema.

"Imeunguzwa na nini?" baba akauliza.

Mzee Saidi alinitazama. Alinipa nafasi, nami niliiona, pana kama mlango. Nikaangalia feni zilizokatika. "Na sauti," hatimaye akasema, akaanza kutafuta spika nyingine kwenye kapu. Baba hakuuliza tena. Njia nzima ya kurudi alitembea mbele yangu hatua moja.

Jioni hiyo kinanda kilipiga tena nyumbani kwetu. Baba alisikiliza matangazo yote, ya watu wa Kakamega, wa Siaya, wa Busia, mpaka la mwisho. "Leo hakuna mtu wetu," alisema. "Mungu ni mwema." Mama akaitika amina. Nililala nikifikiri kwamba nimepona.

Siku ya Jumanne alikuja Mzee Simiyu, mtu wa kijiji chetu aliyeishi mtaa wa Ziwani, humo humo Nairobi. Alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye basi, viatu vyake vingali na udongo mwekundu wa kwetu. Hakukaa. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Ndugu yangu, mbona hukufika?"

"Kufika wapi?" baba akasema.

Mzee Simiyu alimtazama, kisha akamtazama mama, kisha redio, na nikaona uso wake ukibadilika. Kukhu alikuwa amefariki Jumatatu ya wiki iliyopita. Alizikwa Jumamosi mchana. Wazee walilichelewesha jeneza chini ya turubai, wakimsubiri mwana wake wa kwanza, mpaka wakaona mvua inakuja. "Mimi nilisikia Jumanne," alisema, "nikajua na wewe umesikia. Nilipanda basi nikidhani umetangulia."

"Walisoma jina langu?"

"Siku tatu. Jina lako, na Mowlem, na kiwanda."

Baba alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayehakikisha hesabu ya mwingine. Alimwambia mama ampe mgeni chai. Mzee Simiyu alikunywa haraka akaenda. Ndipo nilipoongea, nikiwa nimesimama kwenye pembe ya kitanda, kwa sauti ambayo hata mwenye duka angeisikia. "Ni mimi, Baba. Niliifungulia sauti yote."

"Najua," alisema. "Nilijua tangu kwa Saidi." Alikuwa akitazama mikono yake. "Nilidhani ni spika tu."

Hakunipiga. Kesho yake nililifunga gitaa ndani ya ile shuka, nikaenda Eastleigh peke yangu, nikamwambia Mzee Saidi mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwamba nataka kuliuza. Alinipa pesa pungufu ya tulizompa, lakini zilitosha nauli ya basi la Bungoma, kwenda na kurudi. Niliziweka mezani mbele ya baba. Alizichukua. Kwetu mtu aliyekosa mazishi haingii nyumbani kwanza, huenda kaburini akalia pale peke yake, mchana, watu wakimwona. Baba yangu, aliyekuwa mtu mkimya kuliko mimi, alikwenda kufanya hivyo. Aliporudi, kanisani nafasi yangu ilikuwa imepewa mwingine. Sikuumia. Kwa muda mrefu nilikaa viti vya nyuma.

Miaka mingi baadaye nilipopata pesa zangu mwenyewe nilinunua amplifaya kwanza. Ilikaa nyumbani karibu mwaka mzima bila gitaa, na mke wangu akawa anaanika vitambaa juu yake. Sasa ninacheza kanisani, gitaa jeusi, na vijana wanasema sauti yake ni ya kizamani. Siku hizi habari za msiba hazisubiri jioni. Simu hulia mfukoni marehemu akiwa hajafunikwa hata shuka, na kundi la ukoo kwenye simu limejaa pole kabla sijajua aliyefariki ni nani. Siwezi kusema ni vibaya. Kama ingekuwa hivyo wakati ule, baba angemzika mama yake.

Yeye amestaafu, anaishi Bungoma, hatua chache kutoka lile kaburi, na redio ni ile ile, na spika ya Mzee Saidi ingali ndani yake. Ninapomtembelea, jioni huiwasha, na kila mara inapokwaruza au kufifia hunipa mkononi niiangalie, ingawa wajukuu wanajua kuliko mimi. "Ni betri?" huniuliza. Ninaifungua, ninazipima moja moja, ninanusa wavu wa spika. "Ni betri, Baba," ninamwambia. Hunitazama kidogo kabla ya kutuma mtoto dukani.