Chai ya Maman Rukia

Nilipokuwa mtoto wa umri wa kutumwa chumvi, kwetu Kadutu hakuna aliyekupa kinywaji kabla ya kukionja yeye mwenyewe. Iwe kasiksi, pombe yetu ya ndizi, iwe chai, iwe maji tu, mwenyeji alipiga funda moja mbele ya macho yako, akafuta ukingo wa kikombe kwa kiganja, ndipo akakukabidhi. Hata leo nafanya hivyo ofisini, na wageni wanaotoka mbali wananitazama kwa mshangao. Nadhani wanasema nina kiu.

Sababu yake ilikuwa karuho. Ni sumu ya polepole, tuliambiwa, ambayo mtu huificha chini ya ukucha na kuidondosha ndani ya kinywaji chako. Ukishaimeza unakonda, tumbo linavimba, na hospitalini hawaoni kitu. Koko, bibi yangu aliyenilea, aliiamini karuho kama alivyoiamini Rozari. Alizaliwa Nyantende, na huko, alisema, alizika ndugu zake kwa ajili hiyo. Kila nilipotoka alinipigia kelele kutoka jikoni: "Usikunywe kwa mutu asiyeonja! Na uangalie kucha zake!" Basi sisi watoto tukawa wataalamu wa kucha. Wanawake wote wa avenyu, mtaa wetu, tuliwajua kwa vidole.

Kucha za Maman Rukia zilikuwa nyekundu. Ilikuwa hina tu, lakini nani angetuambia? Alikuwa mjane, Mwislamu kutoka Uvira, na mumewe, aliyekuwa akiuza vitenge, alifariki bila kumwachia mtoto. Alipanga chumba kimoja ubavuni mwa nyumba yetu, na jioni alikaanga vitumbua mbele ya mlango wake. Jamani, vile vitumbua! Iliki yake ilitufuata mpaka darasani. Tulimcheka kwa sababu alisema "tafadhali" hata kwa mtoto, naye alitucheka kwa jinsi tulivyosema kila kitu "iko".

Mwaka mmoja, katikati ya Ramadhani, mvua ya mchana ilimkuta njiani tonton Safari, mjomba wa watoto wote, mdogo wake shefu aliyesimamia avenyu. Maman Rukia akamwita ajikinge, akamchemshia chai ya tangawizi. Yeye mwenyewe alikuwa amefunga, kwa hiyo hakuionja. Tonton Safari alikunywa, labda kwa baridi, labda kwa aibu ya kukataa. Alipofika kwao akasimulia huku akicheka kwamba yule mama amempa chai bila kuonja. Siku chache baadaye akashikwa na homa na tumbo, na hakuna aliyecheka tena.

Jina lilipatikana haraka. Maman Rukia akawa Maman Karuho, kwanza kwa kunong'ona, halafu kwa sauti, halafu mbele yake. Vitumbua vilipoa kwenye sinia mpaka akavimwaga. Akina mama walivuta watoto wao upande wa pili wa njia. Na zile kucha, ambazo zamani zilitufurahisha, sasa zilikuwa ushahidi.

Jumapili moja, baada ya misa ya alasiri, shefu aliwaita watu uani kwake. Aliitwa Papa Bahati, mtu mnene, mwenye sauti iliyozoea kusikilizwa. Yeye ndiye aliyeamua nani anakaa kwenye avenyu na nani anahama. Alikuwa ameagiza chai ichemshwe ndani ya birika la Maman Rukia mwenyewe, na kikombe kikawekwa juu ya meza.

"Maman," akasema, "kama mikono yako iko safi, kunywa hii mbele yetu."

"Nimefunga, Papa Shefu. Jua likizama nitainywa."

"Munaona? Anakataa."

"Sikatai. Naomba mningoje tu, tafadhali."

Ile "tafadhali" iliwachekesha watu. Nilikuwa nimesimama nimeshika sketi ya Koko, na nikahisi sketi inasogea. Koko alikuwa anakwenda mbele.

"Shefu," akasema, "mu Kwaresima sisi hatukulake nyama Ijumaa. Mutu akitulazimisha hapa, tutakula? Juwa iko karibu kuzama. Tungoje."

"Koko, banamugonjesha ndugu yangu, na weye unaniambia kungoja? Mutu mwenye haogope angekunywa sasa." Akawageukia watu. "Mwezi ikiisha, atoke."

Watu wakaitikia, wakatawanyika wakizungumza habari za mvua na bei ya maharagwe. Kikombe kilibaki mezani. Maman Rukia akakichukua, akatembea nacho polepole mpaka mlangoni kwake bila kumwaga tone, akakaa kwenye mkeka. Koko akaniagiza nilete kigoda. Akakaa karibu naye.

Maman Rukia alilia kidogo, akajifuta kwa ushungi, akaniuliza kama najua kusoma. Adhana iliposikika kutoka upande wa chini, alitaja jina la Mungu, akanywa chai ile iliyopoa mpaka nusu. Kisha akafuta ukingo wa kikombe kwa kiganja, kama inavyotakiwa kwetu, akampa Koko.

Koko alitazama zile kucha. Alivitazama vidole kimoja kimoja, kama alivyotufundisha. Akafanya ishara ya msalaba, akanywa.

"Iko na tangawizi mingi," akasema. Akanipa tone lililobaki.

Nikanywa. Tulipokuwa tunarudi nyumbani nilikuwa nalishika tumbo langu nione kama linaanza kuvimba.

"Koko, sasa bataamini?"

"Nani alimuona akikunywa? Ni siye tu. Na hata bangeona, kesho ungesikia banasema karuho haiuwake mwenye kuiweka."

Kesho yake, bombani, nilisikia maneno hayohayo, karibu neno kwa neno. Kabla mwezi haujaisha, Maman Rukia alipakia mkeka, sufuria na birika juu ya lori la kwenda Uvira. Hakuna aliyemsindikiza isipokuwa sisi. Hospitalini walisema tonton Safari ana tifoide, homa ya matumbo, akapewa vidonge, akapona. Shefu akasema amepona kwa sababu mlozi ameondoka.

Nimekuwa mtu mzima nikiwaza kuhusu kikombe kile. Koko alikunywa chai ileile, na mchana kweupe kila mtu alimwona akimtetea yule mama, na bado hakuna aliyethubutu kumwita karuho. Koko alikuwa na kiwanja chake, na wana wa kiume, mmoja wao askari, na mahali pake pa kukaa kanisani. Maman Rukia alikuwa na mkeka. Sasa naona kwamba watu hawakuangalia kucha kamwe. Waliangalia nani atamsimamia. Naumia nikifikiri hivyo, kwa kuwa niliwapenda watu wale, na ndio walionilea.

Koko naye hakuacha kuamini karuho mpaka alipofariki. Aliogopa kama wengine wote, na akanywa. Kila nikikumbuka ile ishara ya msalaba nampenda upya.

Mwaka huu nilipita tena pale kwa miguu. Chumba kile kimejengwa upya kwa matofali. Msichana mdogo aliyekuwa anangoja zamu yake bombani, amekalia bidoni lake la maji, akaniita.

"Maman, usipite karibu na ile mulango. Pale kulikaaga mulozi."

"Aliitwaga nani?"

Akafikiri. "Karuho. Ndo jina yake."

"Hapana. Aliitwaga Rukia. Alikuwaga anauzisha vitumbua."

"Ulimuonaga?"

"Nilikunywa chai yake."

Macho ya mtoto yakashuka polepole, yakatua kwenye kucha zangu. Nikamnyooshea mkono azitazame vizuri.