Unga wa Fidya

Mimi ni mpishi wa lanchi boksi. Wageni wanaolala Karatu na kushuka kreta asubuhi kutazama wanyama hawarudi mpaka jioni, kwa hiyo kila mmoja hupewa boksi lake la chakula cha mchana: paja la kuku, yai la kuchemsha, ndizi, kipande cha keki, juisi. Madereva huyapitia maboksi jikoni kwangu kukiwa bado na ukungu, wanapiga honi utadhani wananidai. Ramadhani hainipunguzii kazi hata chembe. Nakaanga kuku nimefunga, chumvi naipima kwa macho, na sijawahi kuletewa malalamiko. Watu huniuliza, unawezaje? Naweza tu, nimezoea. Ramadhani ninayotaka kuisimulia, kilichonitoa jasho si harufu ya kuku. Ni mama yangu mzazi, kumfanya anywe uji.

Mama ni Mwiraqw wa Mbulumbulu, binti wa wakulima wa ngano, aliyekulia kanisani. Baba alikuwa Mrangi wa Kondoa mwenye duka la nguo hapa mjini. Mama akasilimu, wakaoana. Kwao walinuna, kwa baba wakaguna. Shangazi yangu mkubwa alikuja kukaa nao Ramadhani ya kwanza ya ndoa, eti kumsaidia bibi harusi, na kila ikifika adhuhuri alimwita mama pembeni. "Wifi, hebu nipumulie," anamwambia, anamnusa mdomo kama mtu anayenusa maziwa kujua yamechacha au bado. Jamani! Mimi ningemtafuna. Mama alipumua, akarudi jembeni. Alikuwa akitusimulia haya anacheka, lakini ni kicheko cha meno tu, macho hayamo.

Hakula mchana hata siku moja. Alifunga akilima, alifunga akinyonyesha na hali ameruhusiwa kuacha, alifunga wiki ile tuliyomzika baba. Shangazi alipofariki, mama ndiye aliyeingia kumwosha, na mpaka leo hujasikia neno baya la shangazi kinywani mwake. Sisi watoto tulizaliwa tukaukuta Uislamu nyumbani kama tulivyoikuta meza. Yeye aliuingia kwa mlango, watu wamesimama pande zote wanamwangalia anavyopita. Hilo sikulielewa vizuri mpaka nilipokuwa mtu mzima.

Halafu sukari ikamshika, na baada ya sukari figo. Ramadhani ya mwaka uliotangulia alianguka bafuni, tukamkimbiza hospitali hajitambui. Daktari alipotoka alinitazama kana kwamba nimemsukuma mimi. Akasema huyu mama asifunge tena maisha yake yote. Anakunywa dawa asubuhi, na akinywa dawa tumbo likiwa tupu sukari inashuka, na ikishuka yuko peke yake nyumbani, mtarudi mkute maiti. Alisema hivyohivyo, maiti. Niliogopa sana, na hofu yangu huwa inatoka ikiwa hasira, kwa hiyo nilimfokea mama njia nzima ya kurudi, mgonjwa wa watu, na dripu imetolewa asubuhi ileile.

Mwezi wa Shaabani nilimpeleka kwa shekhe wa msikiti wetu. Kijana mpole, anaongea taratibu. Akamweleza mama kwamba mgonjwa anayetarajiwa kupona anaacha kufunga, akipona atazilipa siku zake. Asiyetarajiwa kupona hadaiwi kufunga tena. Anatoa fidya, kibaba cha chakula kinacholiwa na watu wa mji, kwa kila siku, anampa maskini. "Ni rehema hiyo, mama yangu," akasema. "Usione vibaya." Mama alisikiliza mikono iko magotini. Liliposemwa lile la asiyetarajiwa kupona, niliona taya lake limekaza.

"Kwa hiyo nimewekwa na waliokwisha," akaniambia tukiwa njiani.

"Mama, hakusema hivyo."

"Alisemaje? Na hiyo fidya, mimi nimekosa nini?"

Nikamwambia hujakosa kitu, unalisha mtu mahali pa kufunga, basi. Akaguna. Guno la mama yangu lina maana nyingi, na siku ile nilikuwa na oda ya maboksi ya wageni wa basi zima, sikulipa nafasi. Kwao Mbulumbulu, mtu akiambiwa atoe kitu, ujue wazee wamekaa. Ng'ombe wake wameingia kwenye shamba la jirani, au amemvunjia heshima mkwewe. Wazee wanamtoza, analeta dume au asali, kosa linafutika, naye anarudi kuishi na watu kama zamani. Ile ni faini, kila mtu anaijua, na anayeilipa ni mkosaji. Hiyo ndiyo mizani aliyokuwa nayo mama kichwani, na ndiyo aliyoipimia fidya.

Mwezi ukaandama. Mama alikataa katakata nisinunue unga dukani. Alitaka mahindi ya shamba la kaka yake, ayapeleke mashine mwenyewe, auchekeche mwenyewe, aupeleke mwenyewe kwa miguu baada ya alasiri. Mpokeaji alitafutwa na akina mama wa msikitini: bibi mmoja mjane, anaishi chumba cha kupanga nyuma ya msikiti. Miaka yake yote alifua mashuka ya lodji mpaka vidole vikapinda, akaambiwa apumzike, na mapumziko yenyewe ndiyo yale, chumba kimoja na kitanda cha kamba. Ni mkubwa kwa mama kidogo, kwa hiyo mama humwita dada, naye humwita mama "mdogo wangu". Wakapendana tangu siku ya kwanza. Mama akirudi kwake alikuwa mchangamfu, ananipa habari za uani kwa yule bibi kama ametoka harusini.

Mimi nikatulia. Asubuhi naacha uji wa ulezi kwenye sufuria, nimeufunika, dawa ziko kwenye kisahani. Nikirudi kutoka kupeleka maboksi, sufuria ni tupu na imeoshwa. Nikawa najigamba kwa madereva, mzee wangu siku hizi mtiifu, anakula bila kusukumwa. Jirani akaniambia kuku wenu mbona wamenona hivi, mnawapa nini? Nikacheka, nikamwambia waangalie tu, usiwatamani.

Siku moja katikati ya mwezi mvua ilinyesha tangu adhuhuri. Udongo wa Karatu ukilowa haujui mtu mzima, unakuvua kiatu na heshima. Nikasema leo nakusindikiza. Mama hakutaka. Nikamshika mkono kwa nguvu, tukaenda. Mkono ule ulikuwa unatetemeka, na paji la uso lina jasho, na baridi yote ile iliyoshuka kutoka huko juu kreta! Nikasema moyoni, ni kwa kutembea kwenye matope.

Tulimkuta bibi amekaa mlangoni anachambua mchicha. Uani akina mama wengine walikuwa wakiosha mchele kwa ajili ya futari, kila mmoja chini ya kibaraza chake. Tukasalimiana, nikampa shikamoo, akanikaribisha kitandani. Mama akamkabidhi bakuli la unga lililofunikwa kwa kitambaa. Bibi akalipokea kwa mikono miwili kama kawaida, akafungua kinywa ashukuru, halafu akakifunga. Alikuwa anamtazama mama midomo ilivyokauka.

"Mdogo wangu," akasema, "leo umekula nini?"

"Nimekuletea unga, dada."

"Sikuulizi unga."

Nikadakia mimi, mdomo wangu hauna breki. "Amekunywa uji, bibi. Ninamwachia mwenyewe kila siku."

Mama akainamisha macho. "Uji wanakula kuku," akasema.

Nilisimama. Nilipiga kelele mpaka uani wakaacha kuosha mchele. Kuku? Kuku! Mimi naamka kumpikia mtu uji, anawapa kuku, na dawa anakunywa? Dawa anakunywa, akasema, dawa hana ugomvi nayo, anaiweka anainywa na daku. Unataka tukuzike, mama? Umetuchoka? Nilikuwa nalia na sikuwa najua kama nalia.

"Hebu kaa chini, unamtisha," akasema bibi, na kwa ile sauti nilikaa. Akamgeukia mama. "Umefunga tangu mwezi kuandama?"

"Nimefunga."

"Na fidya unaleta."

"Faini nimelipa," mama akasema, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa guno lile. "Kama nimeshindwa, imeshalipwa, hakuna wa kunidai. Lakini bado sijashindwa. Dada, wewe umezaliwa ndani. Mimi nilinuswa mdomo. Mume wangu amekufa, sasa nikionekana natafuna mchana, watasema si tulijua, yule aliingia kwa ajili ya bwana, bwana kaondoka na dini kaondoka nayo. Mimi nina kitu gani kingine cha kuwaonyesha? Funga yangu ndiyo hiyo tu."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumtikisa, yote mawili kwa pamoja.

Bibi akalisukuma bakuli sakafuni likarudi mpaka miguuni kwa mama.

"Basi chukua unga wako."

"Dada! Utafuturu nini?"

"Shauri yangu. Uliambiwa huu unga ukae mahali pa funga. Funga yenyewe hujaiacha, sasa unga unakaa mahali pa nini? Niule leo, kesho niletewe habari umekufa, utapita hapa?" Akajigusa koo. Nikatupa jicho kwenye jiko lake. Lilikuwa limewekwa mkaa haujawashwa, na juu yake sufuria tupu ikingoja. Mchicha ule aliokuwa anachambua ndio ulikuwa chakula chote cha chumba kile. Vidole vyake vilivyopinda vilikuwa bado viko kwenye ukingo wa bakuli, havikuwa vimeliachia vizuri.

"Hivyo utalala njaa kwa sababu yangu," mama akasema.

"Ndiyo. Mungu amekuondolea kazi moja, akakupa nyingine. Kazi yenyewe ndiyo mimi hapa, mzee, nina njaa. Hunitaki?"

Mama alikuwa anatetemeka mwili mzima sasa, na jasho linamtiririka shingoni, sukari imemshuka. Bibi akanyanyuka kwa taabu, akachota maji kwenye ndoo kwa kikombe cha plastiki. Akavuta kikaratasi cha sukari kutoka chini ya mto, akakikung'uta chote ndani ya kikombe, akakoroga kwa kidole. Ilikuwa sukari yake ya futari, na haikubaki hata punje.

Mama akakipokea. Akatazama uani, akina mama wote wametutolea macho, mchele mkononi.

"Funga mlango, mwanangu," akaniambia.

Nikanyanyuka. Bibi akanizuia kwa mkono.

"Mlango unabaki wazi. Kwani anaiba?"

Nikabaki nimesimama katikati ya chumba sijui niende upande gani. Mama alikishika kikombe muda mrefu. Akasema kitu kwa Kiiraqw, polepole, sikukisikia vizuri, halafu akasema bismillah, akanywa. Alikunywa akiwatazama wale akina mama. Mmoja wao aliinamisha kichwa akaendelea kuosha mchele wake, halafu na wengine. Bibi naye alikwisha kulivuta bakuli upande wake, anaufunua unga, anaunusa.

Mama akashusha kikombe. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti, na uso wake ulikuwa na mshangao ambao sijawahi kuuona kwa mtu mzima.

"Nilidhani yatanichoma," akasema. Akanyoosha kikombe, akaomba maji mengine.