Kinyozi na Vichaka Kumi na Viwili

Kwa miaka thelathini na minane kinyozi aliishi kwa imani moja tu: kilichoota kipunguzwe. Alipostaafu alirudi nyumbani na vitu viwili kutoka dukani, kiti cha kuzunguka na mikono inayowasha. Kiti kiliwekwa barazani. Mikono haikupatiwa pa kuwekwa.

Mkewe, mwalimu mstaafu wa hesabu, alikuwa ameshazika mawaridi ya mumewe, na baada ya hayo maua fulani ambayo hayakuishi hata wakayajua jina.

"Bustani hii ya tatu ndiyo ya mwisho, baba," alisema. "Ikifa, mbele ya nyumba namwaga zege. Nalipaka rangi ya kijani, mambo yameisha."

Kinyozi alimjua mkewe: kwa zege hatanii. Akaenda kwa mama muuza miche, akaomba kitu cha kijani mwaka mzima kisichotaka kubembelezwa. Akapewa vichaka kumi na viwili, majani madogo magumu, yanang'aa kama viatu vya bwana harusi.

"Viachanishe hatua moja moja, vitanenepa," alielekeza muuzaji. "Tandaza nyasi kavu juu ya mizizi. Mwagilia mpaka vishike, kisha achana navyo. Mkasi mara moja kwa mwaka."

"Mara moja?" aliuliza kinyozi, kama mtu aliyetajiwa ratiba ya chakula.

Vichaka vilishika vizuri. Jumamosi ya kwanza alikata kijiti kimoja kilichojitokeza. Ya pili akasawazisha pembeni. Kufikia ya sita kila kichaka kilikuwa na mtindo wake, na cha getini kilichanwa njia upande wa kushoto. Wapita njia walisifu. Mwezi wa tatu, cha getini kikatoka kipara.

Alirudi kwa muuza miche na kijiti kikavu mkononi. Mama yule akakigeuza mara moja.

"Mzee wangu, ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Kinyozi."

"Nilijua. Hizi si nywele. Ukikata mpaka ndani kusiko na jani, pengine hapaoti tena."

"Sasa nifanye nini?"

"Usifanye."

Hakuwahi kupewa kazi ngumu kama hiyo. Alimkabidhi mkewe mkasi, naye akaufungia kabatini pamoja na vyeti vyake. Kinyozi akahamia kitini, macho kwa kipara.

"Shemeji, mumeo anaangalia nini siku nzima?" jirani aliuliza kutoka getini.

"Mwache, yuko kazini."

Jirani alicheka, akaitwa kitini. Mwezi huo alinyolewa kwa wembe mara tano, ingawa nywele alikuwa nazo juu ya masikio tu.

Mvua zilipokwisha, pembezoni mwa kipara palichomoza vidoa vya kijani. Kinyozi alimwita mkewe, naye akaja na miwani, akahesabu, akarudia kuhesabu.

"Saba."

"Na zege?"

"Lisubiri."

Mwaka ulipotimia mkewe alimletea mkasi na saa ya mkononi. "Dakika kumi."

Kinyozi alipitia ncha tu za vichaka kumi na kimoja. Mbele ya kile cha getini alisimama, akachezesha mkasi hewani mara mbili, kwa mazoea, akaufunga.

"Zimebaki dakika nne," mkewe alisema.

"Ninazo," alijibu, akaketi kitini kuzitumia.