Swali la mhadhiri lililomwokoa mama yangu na talaka

Wakuu, heshima zenu. Mimi ni bibi kizee wa Tanga, simu hii nimefundishwa na mjukuu, mtanivumilia. Yalitokea miaka ya hamsini na chumvi sijaongeza.

Nilikuwa chuo kikuu kule Uganda, wasichana tukihesabika. Siku hiyo mhadhiri wa baiolojia alitaka kutupima tunajua nini kuhusu uzazi kabla hajafundisha. Maswali ya mdomo, unanyoosha mkono.

Akauliza: nani anasababisha mtoto awe wa kike au wa kiume?

Darasa zima tukajibu mama. Wasomi wazima!

Akachora ubaoni. Yai la mama ni la aina moja, mbegu za baba ni za aina mbili, na hizo ndizo zinazoamua.

Nikamkumbuka mama. Nyumbani kwetu Makorora, hapa Tanga mjini, alikuwa kazaa mabinti watupu, mimi wa kwanza, na baba alishakubali kumwacha. Mama angerudi kwao Pemba, sisi tubaki kwa baba.

Aliyeshikilia aachwe ni bibi mzaa baba.

Likizo ikafika. Baba sikuthubutu kumwambia, binti wa pwani atamtajiaje babake mambo ya mbegu? Lakini bibi ni mtani, na ndiye aliyenifunda. (Wa bara msishangae.)

Nikamkuta anakuna nazi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umeniletea mume huko?"

Nikamweleza yote, huku nasubiri kofi. Akaacha kukuna.

"Hao walimu wako wana hakika?"

"Wana hakika, bibi."

"Mie mume wangu wa kwanza kaniacha kwa kuzaa wanawake. Kwa babu yako ndo nikamzaa babako. Miaka yote najilaumu mwenyewe."

Akalia. Sikuwahi kumwona bibi akilia.

Kisha akajifunga kanga, akamwita baba mbele ya mama.

"Mwanangu, nilikosea. Mbegu ni zako. Ukimwacha huyu, utaniacha na mimi."

Baba akainamisha kichwa. Talaka haikutoka, na mama alizeekea nyumba ile ile, akafia mikononi mwetu mabinti.

Mpaka leo bibi yule ananistaajabisha. Kukiri kosa mbele ya mkwe uliyetaka afukuzwe, jamani, si mchezo.

Funzo langu: msidhani aliye chuo anajua. Juzi nimemuuliza mjukuu wangu wa mwaka wa tatu swali lile lile.

Kasema mama.

Haya, nanyi jibuni bila kugugo: kwenu analaumiwa nani?