Buibui Kwenye Kihenge

Kumbikumbi ni chakula. Hiyo nilishaijibu kisimani na naijibu tena hapa, ili mtu asije akanishika nayo. Kaka yangu alikuwa anakula kumbikumbi waliokaangwa na chumvi, tena kwa mikono miwili, na bado alikuwa hataki mdudu auawe ndani ya nyumba yetu. Wewe kuku si unakula? Na ukimkuta kuku amelala kitandani kwako, unamkata shingo hapo hapo juu ya shuka? Unamtoa. Basi. Sioni ugumu uko wapi.

Watu wa kijijini kwetu waliuona. Walimwita fundi wa buibui. Mmoja akasema mbele yangu kwamba mwanaume anayembeba buibui kwa kikombe, siku mwizi akija atamkaribisha chai. Nikammwagia maji ndoo nzima, na ndoo yenyewe ilikuwa ya kwake.

Mimi shule niliishia la nne. Mengine nimeyaokota kwenye magazeti ya kufungia vitumbua na kwenye vitabu vya kuazima, kwa hiyo maneno makubwa sina. Nasema nilichokiona.

Tulikuwa watatu nyumbani, mama, kaka na mimi, baba alishafariki. Kutoka kwetu mpaka Masumbwe ni mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu. Ilikuwa miaka ile ya themanini mwanzoni, sukari ya mgao, sabuni ya kutafuta kama ng'ombe aliyepotea. Kaka akaenda kuchimba dhahabu upande wa Bugarama kama vijana wenzake. Duara likamfukia. Duara ndiyo shimo lenyewe, wachimbaji wanaliita hivyo.

Walimtoa siku ya pili, mzima, ila kimya. Alipofika nyumbani mama akamuuliza, "Ulikuwa unafanya nini humo mwanangu, ulikuwa unasali?" Akasema alisali mpaka sala zikamwishia, halafu kukawa na mdudu. Mdudu gani, hajui, giza. Alikuwa anatembea juu ya mkono wake, anafika kwenye kiwiko, anageuka, anarudi. Kaka akawa hathubutu kusogeza mkono asije akamponda.

"Nikawa na kazi," alisema.

Hajaongeza neno hapo mpaka leo, na mimi simuulizi.

Tangu siku hiyo nyumba yetu ikawa na utaratibu wake. Buibui wa ukutani, wale bapa wenye mbio, unamfunika na kikombe cha bati, unapitisha jalada la daftari taratibu kati ya kikombe na ukuta, unatoka naye mpaka nje ya uzio wa minyaa. Ukifanya haraka unamkata mguu, na kaka akiona mguu umebaki ukutani hali ugali siku hiyo. Jongoo anaviringishwa kwenye jani. Nge anasukumwa kwa kijiti ndani ya lile karai la kaka la kuoshea dhahabu, maana nge hapandi karai, kuta zinateleza. Mara ya kwanza nilipombeba nge kwa karai nilitembea kama nimebeba mtoto mchanga wa chifu, na mama nyuma yangu anasema, "Mimi nimezaa watoto wawili na wote wamechanganyikiwa."

Mbu walipewa moshi. Kunguni je? Nilijua utauliza. Vitanda vyetu vya kamba tulivitoa juani, tukavilaza juu ya njia ya sisimizi. Kufika saa nane sisimizi wameshawabeba wote, foleni kama ya sukari. Hapo watu wakasema aa, umeona, wameuawa. Ndiyo, na sisimizi. Kama una malalamiko, wapelekee sisimizi.

Sasa kaka akapata mchumba. Binti wa upande wa Masumbwe, mpole, anacheka kwa kuficha meno, na kaka alikuwa anampenda mpaka anasahau kufunga mlango wa zizi. Posa imepokelewa, padri ameambiwa, yamebaki matangazo ya ndoa kusomwa kanisani Jumapili tatu. Ndipo maneno yakamfikia shangazi wa binti, kwamba kule mnakomwoza mtoto wanafuga wadudu. Shangazi huyo ndiye aliyemlea binti. Akisema ndiyo, baba wa binti anasema ndiyo. Akikunja uso, imekwisha. Akatuma salamu kwamba Alhamisi anakuja kutusalimia. Mtu hatembei asubuhi nzima kuja kusalimia. Alikuwa anakuja kukagua.

Alhamisi kaka akaondoka mapema na baiskeli kwenda kutafuta nyama. Aliniambia, "Mdogo wangu, nyumba nakuachia wewe." Hakusema usiue. Hilo ndilo lililonibana.

Nikaangalia kuta. Kumbe ukizoea kitu hukioni. Buibui walikuwa juu ya mlango, nyuma ya picha ya Bikira Maria, kwenye kona zote nne, na chini ya meza kulikuwa na mmoja mkubwa ambaye nadhani ndiye aliyekuwa mwenyekiti wao.

Jirani yetu, tuliyemwita Mama Mapacha kwa sababu ya wanawe, akaja na bomba la kunyunyizia pamba mgongoni, dawa imo.

"Chukua," akasema. "Pampu kumi tu, wote chini. Unafagia, unafungua madirisha, mgeni akija anakuta nyumba kama ya bwana shamba."

"Kaka je?"

"Kaka yako hatajua."

Nilikuwa nimeshalishika bomba, nakiri. Mkono ulikuwa kwenye mpini. Lile neno ndilo lililoniharibia. Hatajua. Mimi kaka yangu naweza kumtukana, naweza kumnyima mboga, naweza kumrushia kiatu. Kumfanya mjinga ndani ya nyumba yake siwezi. Nikamwambia Mama Mapacha arudishe dawa yake kwenye pamba, na mengine niliyomwambia yalimfikia mama jikoni, akaniita kwa jina langu la ubatizo, jina linalotumika nikikosa tu.

Nikachukua kikombe na jalada la daftari, nikaanza.

Buibui wa kwanza nilimpeleka nje ya uzio. Kabla sijageuka, jogoo akamdonoa. Wa pili, kuku jike na vifaranga vyake. Nikasimama pale nafikiri. Kama nampeleka mtu mahali ninapojua anasubiriwa, nimemtoa au nimemuua? Kuku walikuwa wamejipanga wananitazama kama watu wanaosubiri pilau. Nikatafuta mahali ambapo kuku haingii, na macho yangu yakaangukia kihenge.

Kihenge chetu kilikuwa uani, kimeinuliwa juu ya mawe, kimekandikwa kinyesi cha ng'ombe, juu kina mfuniko wa nyasi kama kofia. Ndani mtama umefika nusu. Nikaona hapo ndipo. Watapumzika humo, kesho kaka atawatoa kwa nafasi. Nikawabeba mmoja mmoja, mwenyekiti wa mwisho, nikafunika vizuri. Nikapaka sakafu, nikavaa gauni la kanisani, nikajiona mwanamke mwenye akili kuliko wote wa kata yetu.

Shangazi akafika jua limepanda. Mrefu, kitenge kipya, amenyooka kama mlingoti wa bendera.

"Mwadila mayu," akamsalimia mama kwa Kisukuma, na mimi nikapiga goti, "Shikamoo mama." Akasema marahaba akiwa anatazama dari.

Akakaa. Akatazama kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Akatazama nyuma ya Bikira Maria. Hakuna kitu, isipokuwa vile vikaratasi vyeupe vya duara ambavyo buibui wanabandika ukutani na mayai ndani, vile ambavyo utotoni tulikuwa tunaviweka kwenye kidonda damu ikate. Hivyo sikuvitoa, havina miguu.

"Hizi ni nini?"

"Mapambo," nikasema.

Mama akakohoa. Shangazi akanywa maji, akaweka kikombe chini. Halafu akainuka.

"Nyumba nimeiona. Sasa nioneshe kihenge."

Hapo ndipo akili yangu yote ya asubuhi iliponishuka miguuni. Hivi mimi nimezaliwa wapi? Ni mwanamke gani wa kwetu aliyewahi kwenda kukagua nyumba akaishia sebuleni? Sebule inafagiliwa siku moja. Wanaangalia kihenge, wajue mtoto wao atakula nini. Hata mtoto mdogo anajua hilo, na mimi nililijua miaka yote isipokuwa asubuhi ile.

"Kihenge kimefungwa," nikasema.

"Kimefungwa na nani?"

"Kimejifunga."

Akanipita. Nikamfuata naongea, naongea, nimeongea habari za mvua, za bei ya pamba, za ng'ombe wetu mwenye pembe moja. Akanyanyua mfuniko, akainamisha kichwa ndani.

Buibui waliokaa gizani wakiona mwanga wanakwenda kwenye mwanga. Shangazi ndiye aliyekuwa njia. Wakapanda mkono, wakapanda kitenge, na mwenyekiti akafika shingoni, akatulia pale.

Hakupiga kelele. Alikauka. Yule mama aliyenyooka kama mlingoti, machozi yakaanza kumtoka bila sauti, na mimi nikafahamu kwamba anaogopa buibui kweli kweli, si kwa madaha. Kwa midomo isiyosogea akasema, "Kwa hiyo ni kweli. Mnafuga. Mtoto wangu haji hapa."

Mtu mwenye busara angenyamaza. Mimi nikamwambia wamewekwa na mimi, kaka hajui. Hapo ningekomea ingekuwa vizuri, lakini nikaendelea. Nikamwambia kama anamtakia mtoto wake mwanaume wa kuua, aende pale kilabuni, wamejaa tele, wanaanza na wake zao. Nilisema hayo nimesimama, mikono kiunoni, kwa mtu mzima, mgeni, ana buibui shingoni. Mama alijifunika uso na khanga.

Kaka akaingia na nyama kwenye hendeli ya baiskeli. Akatazama mara moja tu. Akaegemeza baiskeli kwenye ukuta, akanawa mikono, naapa alinawa mikono, akachukua kikombe na jalada.

"Shikamoo mama. Usitikisike. Tazama ile baiskeli yangu. Unaona linavyopinda lile tairi la nyuma? Nimekuja nayo kutoka Masumbwe hivyo hivyo."

Shangazi akatazama baiskeli. Kaka alikuwa anaongea na yeye, hakuongea na buibui. Akawaondoa mmoja mmoja, wa mikononi, wa kitenge, bila haraka, akiwarudisha ndani ya kihenge, na wa shingoni alimsubiri mpaka akashuka mwenyewe begani. Kikombe, jalada, kwisha. Kwa muda wote huo kaka hakumgusa yule mama hata kwa kidole.

Shangazi akakaa juu ya kinu. Alikaa pale mpaka pumzi zikamrudia. Halafu akaninyooshea kidole mimi.

"Na huyu unamtoaje?"

"Huyu, mama," kaka akasema, "bado sijapata kikombe chake."

Shangazi hakucheka. Alikula nyama yetu kidogo, akasema wabeja, yaani asante, akaaga. Mlangoni akamwambia mama, mimi nasikia: "Kijana nimemwona. Ila nimetukanwa. Matangazo hayasomwi mpaka binti yako aje kwangu aombe radhi."

Jioni kaka akaniambia, "Usiende kama moyo hautaki." Ningefurahi kama angenipiga. Mtu anakuambia hivyo huku anafunga zizi, halafu anarudi tena kulifunga kwa sababu hakulifunga. Siku mbili sikulala vizuri. Kuomba radhi kwangu ni kama kumeza mfupa. Jumamosi kabla jogoo hajawika nikashika njia ya Masumbwe.

Nilimkuta Shangazi kwenye ua wake anachambua choroko. Nikapiga magoti mbali kidogo, nikasema shikamoo, nikasema, "Mama, nimekuja kuomba radhi." Akasema marahaba, akaendelea na choroko. Mkono unakwenda kwenye ungo, choroko nzima huku, mbovu kule. Mimi nimepiga magoti. Nikajua hapa ananipima.

Sikujua kwamba nimepiga magoti kwenye njia ya siafu.

Wa kwanza akanipanda taratibu, nikamsikia kwenye ugoko, nikasema atapita. Nikamfikiria kaka na ule mkono wake. Nikatulia. Nilitulia kuliko nilivyowahi kutulia maishani. Akafika nyuma ya goti. Akapanda. Halafu akaning'ata juu ya paja, siafu yule mkubwa mwenye kichwa, na kabla sijafikiri chochote mkono wangu ulishashuka. Paa. Nikamtoa kwenye gauni, amekufa, vipande viwili.

Nilipoinua macho Shangazi alikuwa ameacha choroko.

"Kumbe wewe unaua," akasema.

"Mimi naua mama. Kaka ndiye haui. Mnaoza kwake, hamwozi kwangu."

Alianza kucheka kwa mabega. Ikamshuka tumboni. Akacheka mpaka ungo ukainama, choroko nzima na mbovu zikarudi kuwa kitu kimoja, na mimi nimepiga magoti bado sijui kama nimesamehewa au nimeharibu kabisa. Akajifuta macho, akanivuta kando ya ile njia, akanipa uji.

"Kaka yako asijue," akasema. "Atakosa usingizi."

Jumapili padri alisoma matangazo. Na Jumapili ya pili, na ya tatu. Wifi yangu yuko nyumbani sasa, ana watoto wawili, anabeba buibui kwa kikombe kuliko hata mumewe. Kaka sijamwambia habari ya siafu, na atakapoisoma hapa aje aniulize mwenyewe, nitamjibu. Najua nilichosema juu ya kumfanya mtu mjinga ndani ya nyumba yake. Kule haikuwa nyumba yake. Na wewe usinitazame hivyo. Siafu mmoja, kwa ndoa nzima ya ndugu yako wa tumbo moja: wewe usingemuua?