Rangi Nyeusi Niliyoikosa Ijumaa

Nywele zangu zilianza kuwa nyeupe kabla sijafika miaka thelathini. Ni ya ukoo. Mama yangu alizeeka kichwani kabla ya kuzeeka usoni, na dada zangu vivyo hivyo, na sikuwahi kujali. Mwenye kazi Kakuma miaka ile ya tisini hakuwa na muda wa kujitazama kwenye kioo. Nilikuwa msimamizi wa ugawaji wa chakula kwenye kambi ya wakimbizi: mahindi, maharagwe, mafuta, na chumvi ikipatikana. Kuanzia asubuhi mpaka jioni nilikuwa napiga kelele, na nikirudi nyumbani naosha vumbi masikioni na kulala.

Binti yangu, wa pekee, alikuwa bweni Lodwar, shule ya wasichana ya masista. Baba yake alikuwa Kitale na mwanamke mwingine, na huko huko nitamwacha. Karo nililipa mimi, sanduku nilinunua mimi, sare nilishona mimi, sindano ikinichoma vidole. Basi mwaka mmoja nimefika siku ya wazazi, kitambaa kichwani na mvi zimechungulia pembeni, nikasikia rafiki yake akimwuliza, "Huyo ni nani yako?" Mtoto wangu akajibu bila hata kumeza mate, "Ni nyanya yangu."

Nikacheka. Ningefanya nini, na watu wamejaa pale? Nikajiambia ni utoto, ana haya, mama za wenzake ni wasichana wa juzi na wamejipaka midomo. Lakini njiani kurudi nililia mpaka dereva akaniuliza kama nimeshikwa na malaria. Nikaapa kwamba mwaka unaofuata nitaingia ile shule na nywele nyeusi tititi, na atake asitake, ataniita mama mbele ya watu. Hilo tu. Sikutaka zawadi wala shukrani, nilitaka aniite mama.

Kambini kulikuwa na mwanamke wa Juba aliyekuwa akisuka na kupaka wanawake rangi nyumbani kwake, chini ya turubali, ng'ambo ya laga, ule mto mkavu wa mchanga. Kazi hiyo alijifunza Khartoum na hakuwa na mchezo nayo. Alinishika kichwa akakigeuza huku na huku, kisha akaguna. Mvi, aliniambia, hazishiki nyeusi peke yake. Ukizipaka nyeusi moja kwa moja, ukiosha tu zinageuka kijani. Kwanza unapaka hina, unafunga kichwa, unalala nayo, na kesho yake ndipo nyeusi inakaa juu ya hina.

"Ya mama, leo hina, bukra nyeusi," akasema. Bukra kwao ni kesho. "Usipokuja bukra, utabaki hivyo. Mimi sina dawa."

"Nitakuja saa tisa," nikamwambia. "Hata mvua inyeshe."

Akacheka, maana Kakuma mvua hainyeshi. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Siku ya wazazi ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi asubuhi msafara wa magari wenye askari wa bunduki ungeondoka kwenda Lodwar. Barabara ile ilikuwa na majambazi, na gari lililoachwa na msafara lilikuwa limeachwa kweli. Niliona nimepanga mambo yangu vizuri.

Ijumaa asubuhi nilifungua kichwa nikaosha. Jamani! Hina juu ya nywele nyeusi huonekana kidogo tu, lakini juu ya mvi ilikuwa rangi ya chungwa, chungwa lililoiva la Kitale. Nilikuwa nimeona ndevu za wazee Wasomali zimepakwa vile nikawa nawacheka. Na kwetu Waturkana kuna jambo lingine. Mwanamke mwenye kichwa chekundu ni bibi harusi, amepakwa mafuta na udongo mwekundu siku ya kuolewa. Mimi mtu mzima, mumewe amemkimbia, nimekaa na kichwa cha bibi harusi! Nikajifunga kitambaa kikakaza na kujiambia kwamba mpaka saa tisa si mbali.

Sasa malori ya mahindi yalitakiwa kufika Alhamisi, yakakwama Lokichar. Yakaja Ijumaa mchana, wakati watu wamekaa juani tangu alfajiri na watoto wamenyamaza kwa njaa. Bosi wetu, kijana wa Nairobi aliyekuwa na miwani ya jua na hana ndevu bado, akatangaza hakuna mfanyakazi atakayeondoka kabla gunia la mwisho halijagawiwa. Nikamfuata pembeni.

"Nina miadi saa tisa," nikamwambia. "Nikiikosa nimeumia."

"Ya hospitali?"

"Ya nywele."

Aliniangalia, kisha akageuka akawaambia wengine kwa sauti, "Mmesikia? Watu wanakufa njaa, mama anataka urembo!" Wakacheka wote, hata yule karani niliyemtafutia kazi mimi mwenyewe. Ningemwambia nini? Kwamba mtoto wangu ananikana? Maneno kama hayo huwezi kuyatoa mbele ya kijana anayetafuna chingamu.

Nikarudi kwenye mizani. Saa tisa ikapita nikiiona. Saa kumi ikapita. Nawaambieni ukweli, nilimchukia kila mtu aliyekuwa kwenye ule mstari. Nilichukia mabakuli yao, watoto wao migongoni, na jinsi walivyokuwa hawaishi. Mwanamke mmoja akaniambia amepunjwa, kopo halikujaa. Na kweli halikujaa, nililiona mimi. Nikamwambia kama halimtoshi alirudishe. Akaniangalia hivi, akafunga kibunda chake akaenda. Sikumwita.

Gunia la mwisho lilipokwisha jua lilikuwa linazama. Sheria ilikuwa saa kumi na mbili wafanyakazi wote wawe nje ya kambi, kwa ajili ya usalama. Nilikimbia. Mwanamke mzima, nimekimbia na viatu mkononi mpaka kwenye kizuizi cha laga, na pale akanisimamisha askari wa kwetu, Mturkana.

"Mama, saa imeisha."

"Nivushe kidogo tu, baba. Nyumba ni ile pale, naiona."

"Saa imeisha."

Nikamsihi. Nikamtajia ukoo wangu na ukoo wa mama yangu. Nilipokuwa namsihi upepo ukaingia kwenye kitambaa, kikaanguka mabegani. Askari akafungua macho, akapiga bunduki yake kofi kwa kicheko, akanisalimia kikwetu.

"Ejok, bibi harusi! Nani amekutolea ng'ombe?"

Ng'ambo ya laga nilimwona yule mwanamke wa Juba akikunja turubali lake. Nikampungia mkono. Akanipungia pia, alidhani namsalimu tu, akaingia ndani. Nilirudi nyumbani nikajisugua kichwa kwa sabuni ya kipande mpaka ngozi ikawaka. Hina haikutoka hata tone. Nilikaa kwenye ndoo iliyofunikwa nikajitukana kwa Kiturkana na Kiswahili, lugha zikaisha.

Kwenye lori asubuhi wanawake hawakuniuliza kitu. Walitazama paji la uso wangu, maana hina ilikuwa imechora pale mstari mwekundu usiotoka, wakatazamana, wakafinyana. Mmoja akaanza kuimba kidogo kidogo wimbo wa harusi, akijidai anambembeleza mtoto. Nikatazama vichaka njia nzima.

Lodwar kulikuwa na upepo na jua kali kama kawaida yake. Shuleni wamefagia uwanja, wamepanga viti, masista wamevaa nguo nyeupe. Nilikuwa nimefunga kitambaa kile kile cha mwaka uliopita, kwa kuwa ndicho kikubwa kuliko vyote. Binti yangu akaja na wenzake wawili. Alikuwa amerefuka, amenenepa mashavu, mtoto mzuri jamani. Moyo wangu ukaruka. Akaniangalia kwenye paji la uso, akasogea karibu.

"Nyanya," akanong'ona, "funga kitambaa vizuri."

Nikakifunga vizuri.

Kabla sijapata pumzi akaja sista mwalimu wao, mama mmoja mpole wa Kitale, akanishika mikono yote miwili. "Karibu, nyanya. Mungu akubariki kwa kumlea huyu yatima. Sisi hapa tunamwombea marehemu binti yako kila Ijumaa, na wasichana wote."

"Marehemu binti yangu," nikasema.

"Pole sana. Na mtoto bado mdogo."

Nikamtazama mtoto wangu. Alikuwa anatazama viatu vyake, viatu nilivyomnunulia mimi. Damu ilinipanda mpaka nikasikia masikio yanalia. Hapo ndipo ningefungua mdomo. Ningekuwa na nywele nyeusi, naapa ningesimama katikati ya uwanja nikasema, nitazameni, marehemu ni mimi. Wangeniona ni mwanamke kijana, wangeamini. Lakini na kile kichwa? Kikongwe mwenye nywele za chungwa anadai amefufuka? Wangenipa maji ya kunywa na kuniweka kivulini. Na msidhani nilinyamaza kwa kumhurumia yeye. Nilinyamaza kwa sababu ya kichwa changu.

Nikakaa kwenye kiti na wazazi. Kila darasa lilikuja na lake: ngoma, kwaya, maigizo. Kisha akatoka yeye, peke yake, mikono nyuma, akaghani shairi la mama yake aliye mbinguni. Mama aliyemfuta machozi, mama aliyemwachia upweke. Sauti yake ilikuwa tamu, na kwenye ubeti wa mwisho alitoa machozi ya kweli kabisa, yakateremka mpaka kwenye kola. Uwanja mzima ukalia. Mwanamke mmoja wa Kaaleng aliyekaa karibu nami akanipa ncha ya leso yake nipanguse macho. "Pole, mama," akaniambia, "kufiwa na mtoto si mchezo." Nikapiga makofi pamoja na wengine.

Saa ya chai nilimvuta nyuma ya jikoni.

"Nilikufa lini?" nikamwuliza.

"Mwaka jana. Ulipoondoka."

"Nilikufa na nini?"

"Malaria."

"Ulilia?"

Akanishika mkono. "Usiwaambie, tafadhali. Nilisema tu wewe ni nyanya, wakaniuliza mama yuko wapi, sikujua niseme nini. Watanicheka. Tafadhali, nyanya."

Hapakuwa na mtu pale. Kulikuwa na sufuria za uji na nzi, basi. Hakuwa na wa kumdanganya, na bado aliniita nyanya, ulimi ulikuwa umeshazoea. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema, lakini huu sikuwahi kuambiwa. Nikautoa mkono wangu.

Nililala kwa dada yangu mjini, sikumwambia kitu. Jumapili asubuhi nikaenda sokoni kwa kinyozi, nikakaa kwenye kigoda chake na kumwambia anyoe zote, kwa wembe. Akatazama zile nywele nyekundu, akatazama uso wangu, akasema, "Pole, mama," na hakuuliza zaidi. Kwetu mwanamke hanyoi kipara kwa kupenda. Ananyoa amezika mtu wa karibu, na hata mtoto wa chekechea akimwona anajua. Nywele zilianguka kwenye mchanga, na upepo ukazisukuma chini ya meza za samaki wakavu. Kichwa kilikuwa chepesi na jua likakiuma.

Nikaenda moja kwa moja kanisani kwao, nikasimama langoni bila kitambaa. Misa ilikuwa inatoka. Wasichana wakaja kwa mistari, wawili wawili, wakicheka chini chini, na mstari wa mbele uliponiona ukanyamaza, na wa nyuma ukanyamaza, mpaka ukimya ukamfikia yeye.

Alinyoosha shingo. Akaniona. Aliutoka mstari akakimbia, kitabu cha nyimbo kikamdondoka, akapita mbele ya sista na mbele ya wenzake wote.

"Mama!" alipiga kelele. "Mama! Mama!"

Sista alisimama na rozari mkononi, anatutazama mmoja baada ya mwingine. Wasichana wakaanza kuulizana. Yeye hakuwaona. Alikuwa ameshika nguo yangu tumboni kwa mikono yote miwili, anakitazama kichwa changu.

"Mama, nani amekufa? Ni nyanya? Ni mjomba? Mama, niambie, nani amekufa?"

"Mama yako," nikamwambia.

Nikavitoa vidole vyake kwenye nguo yangu kimoja kimoja, nikaenda kutafuta gari la Kakuma.