Mashahidi wa Bua Jekundu

Asubuhi za Juni pale Iyunga zilikuwa na baridi ya kugandisha salamu mdomoni. Ulimwamkia mtu saa moja, akaisikia saa nne jua lilipoiyeyusha. Kashindye, mama wa Kisukuma kutoka Usangu, aliizoea. Alikuwa kibarua wa kupima mahindi kwenye shamba la majaribio, kwa kamba yenye mafundo, maana hakujua kusoma.

Mwaka sabini na sita alileta mbegu ya mahindi ya marehemu mama yake, yote, asibakize nyingine nyumbani. Bwana shamba Sedekia akaipanda, akachagua mimea kumi na miwili, akapima mambo manane kwa kila mmoja: urefu, unene, wekundu wa bua, idadi ya punje, uzito wa punje na mengineyo. Kisha akatandaza karatasi yenye vyumba vyumba vya tarakimu.

"Mama, bua jekundu lina uhusiano na punje chache. Mbegu yako tunaiacha."

Uhusiano, kwa Kashindye, ulikuwa wa ukoo. "Hao wanane wamehusiana wote?"

"Kila mmoja na kila mwenzake."

Akawaza wakwe wanane wakikutana, kila mkono lazima ushike kila mkono. Akapanga punje chini, akahesabu salamu. Ishirini na nane! Vitu vinane tu, vikazaa undugu wote ule. Mwili ukamsisimka.

"Mwanangu, undugu ishirini na nane, na mashahidi ni mimea kumi na miwili tu? Siku moja Uyole nilipishana na watu kumi na wawili. Watatu wana kofia nyekundu, na wote watatu wanachechemea. Nichome kofia?"

Sedekia akacheka, halafu akaacha kucheka. Akairudia karatasi, chumba kwa chumba.

"Ukiuliza mengi kwa wachache, moja litakubali kwa bahati tu," akasema polepole. "Unataka mashahidi wangapi?"

"Wajae shamba."

Wakapima mimea mia mbili ya mbegu ile, siku tisa, vidole vikafa ganzi. Sedekia akazungusha mpini wa mashine ya hesabu siku mbili nzima. Unene na uzito wa punje walibaki ndugu. Wekundu na punje chache wakawa wapita njia, hawajuani kabisa.

"Tunaipanda tena," akasema.

Kesho yake alfajiri Kashindye alisimama mbele ya mabua yale mekundu, mengi kupita upeo wa macho yake, akayaamkia kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini kama yuko mbele ya wakwe.

Yakaitikia saa nne, jua lilipoiyeyusha salamu.